Mtoto wa Kilo Saba Hasubiri Daftari

Mtoto wa miezi minane, uzito wa kilo saba, analetwa kituo cha afya usiku akiwa amelegea. Macho yameingia ndani, kunyonya hawezi, na ngozi ya tumbo ukiibana kwa vidole inachukua zaidi ya sekunde mbili kurudi. Kuhara kulianza mchana, maji matupu yenye rangi ya maji ya mchele. Kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, kuanzia Gatumba kuteremka hadi Rumonge na Nyanza-Lac, muuguzi akiyaona hayo wakati wa kipindupindu hahitaji kuambiwa mengi. Anachohitaji ni namba: mililita 30 za dripu ya Ringer lakteti kwa kila kilo ndani ya saa moja, kisha mililita 70 kwa kila kilo ndani ya saa tano. Kwa mtoto huyu ni mililita 210, halafu 490. Angekuwa ametimiza mwaka, kiasi kwa kila kilo kingebaki kilekile, ila muda ungekatwa nusu: dakika 30, halafu saa mbili na nusu.

Namba hizo zimo kwenye daftari la kila aliyesomea uuguzi au udaktari. Ziliandikwa darasani, zikapigiwa mstari mwekundu, pengine zikanakiliwa tena nyumbani kwa mwandiko mzuri zaidi. Lakini daftari liko nyumbani, na mwenye daftari yuko peke yake na mama anayelia, taa ya sola, na mshipa uliosinyaa usiotaka kupokea sindano. Hapo ndipo ninapoupimia mjadala ambao wanafunzi wetu wa afya hawauchoki: kipi bora, kuandika notisi au kujitengenezea kadi za maswali? Wengi wanaujibu wakiwa na mtihani wa mwisho wa mwaka akilini. Mimi, niliyefanya uuguzi na kufundisha wauguzi, naujibu nikiutazama ufuko huu, na nasema tumezidisha daftari. Saa nyingi tunazozimalizia kwenye kunakili zilipaswa kwenda kwenye kujiuliza maswali bila kutazama jibu, na kadi ndiyo njia nyepesi ya kufanya hivyo. Kadi ina masharti yake pia, na sharti moja ni zito kuliko kadi zenyewe.

Jinsi tunavyosoma inajulikana. Mwalimu anasoma silabasi, yaani maandishi ya somo lake, kwa Kifaransa, wanafunzi wanaandika. Aliyechelewa anaazima daftari la jirani. Usiku, katika vyumba vya kupanga vya Bujumbura, Gitega au Ngozi, kalamu nne za rangi zinatoka, vichwa vya habari vinaandikwa kwa bluu, dawa kwa nyekundu, na somo la saa mbili linanakiliwa upya kwa saa tatu. Dar es Salaam wenzao wana madesa yao, yaani notisi za kupeana, nao wanakesha wakipiga msuli ili kukwepa supu, yaani mtihani wa marudio. Desturi hii haikutokana na uvivu wala ujinga. Vitabu vya tiba ni ghali na vilikuwa vichache, kwa hiyo daftari likawa kitabu chenyewe. Ambaye hakuandika hakuwa na cha kusoma. Kizazi kizima cha matabibu wa nchi hii kimepita kwa njia hiyo, nami nakiheshimu. Ila leo silabasi hiyohiyo inapigwa fotokopi kwenye kona ya chuo na kutumwa kwa simu usiku uleule. Sababu ya kunakili imeondoka, kunakili kumebaki.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba kunakili na kusoma upya kunampa mtu hakika ya uongo. Ukipitia ukurasa mara ya nne kila mstari unaonekana wa kawaida, na moyo unatulia: hili nalijua. Kumbe unalijua likiwa mbele ya macho yako. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu kuhusu kumbukumbu baada ya kujipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Alionyesha kwamba kusahau kunakimbia sana mwanzoni, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku yanashinda marudio ya mkupuo. Wanafunzi wanaokesha siku ya mwisho wangefaidika kulijua hilo, lakini jaribio lililonigusa zaidi ni la mwaka 2008, lililochapishwa katika jarida la Science na Jeffrey Karpicke na Henry Roediger. Walichukua jozi 40 za maneno ya Kiswahili na Kiingereza, neno «mashua» likiwamo, wakawapa wanafunzi wa chuo kikuu Marekani wajifunze. Wengine waliendelea kuulizwa hata maneno ambayo walikwisha kuyapatia. Wengine, neno wakilipatia mara moja, waliendelea kulisoma tu bila kuulizwa tena. Baada ya wiki moja, walioulizwa tena na tena walikumbuka takriban asilimia 80. Waliosoma bila kuulizwa walibaki na kama theluthi moja. Na mwisho wa somo, kabla hawajaondoka, walipotakiwa wakadirie watakumbuka kiasi gani, makundi yote yalisema karibu nusu. Hakuna aliyehisi ndani yake tofauti ambayo wiki moja baadaye ilikuwa kubwa kiasi kile. Mwanafunzi wetu anapoapa kwamba njia yake ya kusoma upya inamfaa, nadhani anasema kweli jinsi anavyohisi, na hisia hiyo haina thamani ya ushahidi.

Kwa watu wa Rumonge au wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, jambo hili la kujipima bila kutazama halipaswi kuonekana geni. Mtoto wa chuo cha Kurani anaandikiwa aya kwenye ubao, anaisoma, kisha anakwenda kusimama mbele ya maalimu na kuitoa bila kutazama. Akikwama anarudishwa. Kesho yake, kabla ya kupewa mpya, anaitoa ya jana, na kila baada ya muda juzuu za nyuma zinapitiwa ili zisipotee. Hakuna anayehesabiwa kuwa amehifadhi kwa sababu ubao wake una mwandiko mzuri. Vijana wengi wanaosomea udaktari leo walilelewa katika nidhamu hiyo asubuhi za Jumamosi na Jumapili, wakaiacha mlangoni mwa chuo kikuu kana kwamba ni mambo ya utotoni.

Sasa niseme upande wa pili, kwa sababu nimeuona kwa macho. Jioni moja hapa Rumonge binti wa rafiki yangu, mwanafunzi wa uuguzi, alinijia na rundo la kadi zilizofungwa kwa mpira. «Baba mdogo, niulize,» akasema. Nikamuuliza, akajibu zote, haraka na kwa usahihi, hadi furaha ikanijaa. Kisha nikamuuliza jambo ambalo halikuwa kwenye kadi: mtoto anatapika maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari, mama anataka kuyaacha ampe maji matupu kwa sababu, anasema, sukari inamzidishia kuhara. Utamwambia nini? Akanyamaza. Akageuza kadi ya ORS nyuma na mbele. Ilikuwa na vipimo tu: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi.

Jibu lilikuwa kwenye daftari lake la mwaka wa kwanza, mahali asipopatengenezea kadi kwa kuwa hapakuwa na namba. Sumu ya kipindupindu inaulazimisha utumbo kumwaga kloridi, sodiamu na maji vikafuata. Lakini njia ile ambayo sodiamu na glukosi huingilia pamoja kutoka utumbo kwenda mwilini haiharibiwi. Ndiyo maana sukari imo: inaipitisha chumvi, na chumvi inayavuta maji. Maji matupu hayarudishi chumvi iliyopotea. Mama anaposikia kwamba sukari ndiyo inayoyafungulia maji njia, na kwamba mtoto akitapika tunangoja dakika kumi kisha tunaendelea kijiko kwa kijiko, anakubali. Maarifa haya madogo yana historia kubwa. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh pale Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu na akawakabidhi ndugu wa wagonjwa mchanganyiko wa chumvi na sukari wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa vinakaribia asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4. Alithubutu kwa sababu alielewa kinachotokea ndani ya utumbo. Vipimo peke yake visingempa ujasiri huo.

Hilo ndilo sharti nililosema ni zito kuliko kadi: usitengeneze kadi ya kitu ambacho huwezi kukieleza kwa maneno yako kwa mtu asiyesomea tiba. Na hapo daftari linapata kazi yake halali. Notisi nzuri ni fupi, imeandikwa baada ya somo, silabasi ikiwa imefungwa, na inajibu swali la kwa nini. Ukurasa mmoja kwa somo unatosha, pamoja na mchoro wa utumbo uliochorwa vibaya na mishale. Ukiweza kuandika ukurasa huo bila kuchungulia umekwisha kujipima, na kadi zinaweza kufuata.

Ufuko huu una kumbukumbu chungu ya dalili iliyofanyiwa kazi bila maelezo. Robert Koch alipokuwa visiwani Sese, Ziwa Viktoria, mwaka 1906 na 1907, aliwatibu wagonjwa wa malale kwa atoxyl, dawa yenye aseniki. Muda si mrefu Wajerumani wakaileta kampeni hiyo Ziwa Tanganyika, kwenye ukanda wa Imbo, wakafungua kambi. Wasaidizi Waafrika walifundishwa kupapasa shingo za watu wakitafuta tezi zilizovimba. Tezi za shingo huvimba katika malale, ni kweli, na huvimba pia kwa kidonda cha kichwani, kwa kifua kikuu, kwa mengi mengine. Hadubini ilikuwepo kwa wengine, lakini mkono juu ya shingo ndio uliotangulia. Na atoxyl iliwapofusha baadhi ya wagonjwa, kwa kuwa iliua mshipa wa fahamu wa jicho, hasa dozi zilipoongezwa. Siwalaumu waliofundishwa kupapasa. Walipewa swali moja na jibu moja, wakalitumikia. Kadi ikiwa ndiyo elimu yote, inatoa watu wa namna hiyo.

Kuna jambo jingine linalonihangaisha kuhusu kadi zinazoenea sasa. Wengi hawazitengenezi, wanazipakua. Programu ya Anki, iliyotolewa na Damien Elmes mwaka 2006, ni zawadi: kwenye simu za Android ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na inakumbuka yenyewe kadi gani irudi kesho na ipi irudi baada ya mwezi. Sina neno nayo. Neno langu ni kwa mafurushi ya maelfu ya kadi za Kiingereza yaliyoundwa kwa ajili ya mtihani wa leseni ya udaktari wa Marekani. Yametungwa kwa uangalifu mkubwa, kwa hospitali zenye kipimo cha kila kitu. Kijana atakayefanya kazi Rumonge anaanza kumeza magonjwa ya kurithi ambayo huenda asiyaone maisha yake yote, huku dozi ya artesunati, dawa ya malaria kali, kwa mtoto wa kilo kumi na mbili ikimponyoka. Tangu huduma kwa watoto wa chini ya miaka mitano na akina mama wanaojifungua ilipofanywa ya bure Mei 2006, hao ndio wanaojaza mabenchi ya vituo vyetu. Kadi za kwanza ziwe zao.

Pia mwenye kutunga kadi anajifunza wakati wa kutunga. Kata karatasi ya manila vipande vinavyotosha kiganja. Usiandike mbele «Taja matibabu ya kipindupindu», kwa sababu hakuna mgonjwa atakayeingia na sentensi hiyo. Andika jinsi anavyokuja: miezi minane, kilo 7, amelegea, hanyonyi, ngozi inarudi polepole mno, saa ya kwanza unampa nini, na kiasi gani? Kisha tengeneza pacha wake: miaka miwili, kilo 11, dalili zilezile. Jibu lake ni mililita 330 kwa dakika 30, halafu 770 kwa saa mbili na nusu. Zichanganye zisikae pamoja, ili kila mara ulazimike kuangalia umri kwanza. Kwa malaria kali fanya vivyo hivyo. Chini ya kilo 20, artesunati ni miligramu 3 kwa kilo, kwa hiyo mwenye kilo 12 anapata 36. Kuanzia kilo 20 ni 2.4, kwa hiyo mwenye kilo 25 anapata 60. Dozi ya kwanza mara tu anapofika, ya pili baada ya saa 12, ya tatu saa 24 tangu ile ya kwanza. Mahali ambapo vidole vinaweza kuteleza ndipo kadi inapostahili kuwekwa.

Na lugha. Tunasoma kwa Kifaransa, tunatibu kwa Kirundi na, huku ufukweni, kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayejua dalili zote za upungufu wa maji mwilini kwa Kifaransa anaweza kukwama mbele ya bibi aliyetoka kwenye mashamba ya michikichi, asijue kuuliza kwa heshima mtoto amepata mkojo mara ngapi tangu asubuhi. Swali hilo lenyewe ni kadi. Liandikwe jinsi litakavyotamkwa, na lijibiwe kwa sauti.

Kwa asiye na simu yenye chaji, sanduku la Sebastian Leitner, aliyelieleza mwaka 1972, halihitaji umeme. Gawa boksi la viatu vyumba vitatu. Kadi zote zinaanza chumba cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Uliyoipatia inahamia cha pili, kinachopitiwa kila baada ya siku tatu, kisha cha tatu, mara moja kwa wiki. Uliyoikosa inarudi mwanzo hata kama jana uliijua. Dakika ishirini asubuhi zinatosha, na hazihitaji kukesha.

Hofu ninayoichukulia kwa uzito ni kwamba kilichohifadhiwa vizuri ni kigumu kung'oa. Kwinini ilikaa vichwani mwa wauguzi wa nchi hii kwa miongo. Mwaka 2010 utafiti uliofanywa kwa watoto zaidi ya 5,000 wa Afrika wenye malaria kali ulionyesha kwamba artesunati inapunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano ukilinganisha na kwinini, na miongozo ikabadilika. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likapandisha dozi ya watoto wa chini ya kilo 20 kutoka 2.4 hadi 3. Aliyehifadhi mwaka 2012 na hakurudi tena anatoa dozi pungufu akiwa na uhakika kamili. Kadi, tofauti na daftari lenye jalada gumu, inaweza kuchanwa na kuandikwa upya bila kuharibu nyingine. Hiyo ni nguvu yake, mradi mwenyewe ajue ni ya lini.

Wapo wanaosema hakuna haja ya kuhifadhi chochote, mwongozo umebandikwa ukutani na simu iko mfukoni. Kwa dawa adimu, kwa dozi unayoitoa mara moja kwa mwaka, nakubaliana nao kabisa: fungua kitabu, tena mbele ya mgonjwa, bila aibu. Kadi ni za dakika kumi za kwanza, wakati mikono yote miwili ina kazi. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mtoto mwenye degedege, mtoto wa kilo saba. Daktari Denis Mukwege alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Burundi mwaka 1983 akaenda hospitali ya Lemera, milimani upande wa Kongo, na huko akawakuta wanawake wakifa kwa matatizo ya uzazi, jambo lililomgeuza kutoka tiba ya watoto kwenda magonjwa ya wanawake. Vijana wetu wengi wanapelekwa mahali kama hapo wakiwa na shahada mpya, bila profesa wa kumwita. Na mahitaji hayaji kwa ratiba. Mei 2015 maelfu ya Warundi waliokimbia nchi walikwama ufukweni Kagunga, upande wa Tanzania, wakisubiri meli ya MV Liemba iwapeleke Kigoma, na kipindupindu kikawaingilia hapohapo. Mwanzoni mwa 2023 kilitangazwa Bujumbura. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipopanda, yaliingia kwenye nyumba za pwani na vyoo vyake.

Wanafunzi peke yao hawawezi kubadili desturi hii ikiwa walimu wanaendelea kusoma silabasi kwa saa mbili na kutunga mitihani inayotaka silabasi irudishwe neno kwa neno. Mwalimu anaweza kuigawa silabasi wiki moja kabla, akaanza kila kipindi kwa maswali matano ya kipindi kilichopita na cha mwezi uliopita, yanayojibiwa kwenye karatasi bila alama. Na kitivo cha tiba pamoja na shule za uuguzi wanaweza kukaa meza moja, wakatunga kadi za pamoja kutoka kwenye miongozo ya taifa: Kifaransa kwa dawa, Kirundi na Kiswahili kwa maswali ya kumuuliza mgonjwa. Kadi mia mbili za kwanza, za kuhara, malaria kali, nimonia ya watoto na kuvuja damu baada ya kujifungua, zinaweza kuandikwa na darasa moja kwa muhula mmoja, kila mwanafunzi chache, mwalimu akikagua. Nyuma ya kila moja, kwenye kona, uandikwe mwaka wa mwongozo ilikotolewa na saini ya aliyeikagua, ili atakayeishika miaka mitano ijayo ajue mara moja kama bado anaruhusiwa kuiamini.